Mashine ya Kuchomelea Vyuma: Ipi Yafaa kwa Nyumba na Shamba?



Ndugu wasomaji, ukurasa huu ni wa mambo ya nyumbani, na katika mambo ya nyumbani ni machache yanayokula fedha kimyakimya kama vyuma vilivyovunjika. Leo ni bawaba ya lango, kesho ni mguu wa kitanda, keshokutwa ni toroli, na mtondo ni plau ambayo imekatika shingoni wakati ardhi imekwisha lowa. Kwa hivyo si ajabu kwamba swali hili hutujia mara kwa mara, kwa barua na kwa mdomo: je, yafaa mwenye nyumba na shamba anunue mashine yake mwenyewe ya kuchomelea? Na ikiwa yafaa, anunue ipi?

Twataka kulijibu kwa urefu, kwani fedha inayotolewa si ndogo. Aghalabu ni fedha ya mavuno ya msimu mzima, au thamani ya ng'ombe aliyeuzwa, na mwenye kuitoa hana nyingine nyuma yake. Akichagua vibaya, mashine huwekwa chini ya kitanda ikashika vumbi, na kijana aliyeahidiwa kazi hubaki bila kazi. Na liko jambo kubwa kuliko fedha: chombo hiki, kikitumiwa bila ya elimu, chaweza kumdhuru mtu macho, kumpiga umeme, na kuiunguza nyumba.

KWANZA PIGA HESABU

Kabla ya kwenda dukani, mwenye nyumba na achukue daftari, akae na mkewe na wanawe, waandike kila chuma kilichovunjika kwao tangu mwaka jana. Waandike alicholipwa fundi, na nauli ya kukipeleka kitu kwake na kukirudisha. Kisha waandike siku zilizopotea, na hili ndilo watu wengi hulisahau. Plau ikivunjika wiki ya kwanza ya masika, na fundi yuko mjini ana foleni ya wateja, hasara si malipo ya fundi bali ni shamba lililochelewa kupandwa. Mvua haimngoji mtu.

Ikiwa hesabu yaonyesha kwamba kwa mwaka mzima ni lango moja na kiti kimoja, basi jibu letu ni fupi: usinunue. Mpelekee fundi wa jirani, naye apate riziki yake. Lakini ikiwa nyumba ina plau, rukwama, mabanda ya kuku na mbuzi, malango, madirisha ya nondo na vitanda vya chuma, na ikiwa yuko ndani yake mtu mwenye mkono mtulivu aliye tayari kujifunza, hapo mashine yaweza kujilipa.

Na ikiwa nyumba moja haiwezi, nyumba tatu za ndugu au majirani waweza kushirikiana. Twawausia tu waandike mapatano yao tangu siku ya kwanza: mashine itakaa kwa nani, nani atanunua vijiti, ikiharibika nani atalipa, na mmoja akitaka kujitoa atarudishiwa nini. Shirika nyingi huvunjika kwa sababu ya maneno ambayo hayakusemwa mwanzoni, na undugu huvunjika pamoja nayo.

AINA ZA KUCHOMELEA

Ziko njia nyingi za kuunga chuma kwa moto, lakini anayetafuta chombo cha nyumbani yampasa ajue nne.

Ya kwanza ni gesi ya asetilini na oksijeni. Yafaa kwa kukata na kupasha chuma, lakini mitungi yake ni mizito, yataka kujazwa, na ina hatari ya kulipuka. Si chombo cha kuweka nyumbani penye watoto.

Ya pili ni mashine ya waya, ambayo hutoa waya mwembamba wenyewe kutoka katika kigurudumu, huku gesi ikiufunika moto usiingiwe na hewa. Kazi yake ni safi na ya haraka, hasa kwa bati jembamba. Lakini upepo ukivuma gesi hupeperuka na kiungo huwa na vitundu kama mkate wa kumimina. Pia iko ya waya wenye dawa ndani yake, isiyotaka gesi, lakini waya huo ni ghali na haupatikani katika kila duka la mashambani.

Ya tatu ni ile itumiayo sindano ya tangsteni na gesi ya agoni. Hiyo ni ya kazi za nadhifu kama vyuma visivyoshika kutu na alumini. Yataka ustadi mkubwa na chuma kisafi kama sahani, nacho shambani hakipatikani.

Ya nne ni ile ya vijiti, ambayo ndiyo mafundi wetu wengi huitumia kando ya barabara. Kijiti ni waya wa chuma uliovikwa dawa. Umeme urukapo kutoka ncha ya kijiti hadi kwenye chuma hutoa mwali mkali mno, kijiti na chuma huyeyuka pamoja, na ile dawa huungua ikatoa moshi unaofukuza hewa, kisha ikaacha gamba juu ya kiungo likikilinda mpaka kipoe. Kijiti cha kuvikwa dawa ni kazi ya Msweden mmoja, Oscar Kjellberg, ambaye mwaka 1904 aliasisi kampuni ya ESAB. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado hakijapatikana chombo rahisi kuliko hicho kwa kazi za nje. Upepo mdogo haukizuii, kutu kidogo hakukiharibu, na vijiti hupatikana hata katika duka la misumari.

Basi kwa nyumba na shamba rai yetu ni ya vijiti. Aliye na kazi nyingi za bati jembamba na ana banda lililokingwa upepo, huyo na aifikirie mashine ya waya baadaye.

TRANSFOMA AU INVETA?

Mashine za vijiti nazo ni za namna mbili.

Transfoma ni ile kubwa ya zamani, sanduku la chuma lenye koili za waya ndani yake. Sifa yake ni uvumilivu: haina vitu vingi vya kuharibika, na ikiungua, fundi wa kufunga koili aweza kuifufua. Aibu yake ni uzito, na ulafi wa umeme. Iwashwapo, taa za nyumba hufifia, na pengine za jirani pia. Tena muuzaji asiye mwaminifu aweza kukuuzia yenye koili za alumini kwa bei ya shaba, nazo kwa ukubwa ule ule hupata moto upesi zaidi. Dai uonyeshwe ndani kabla ya kulipa.

Inveta ni sanduku dogo ambalo mtu hulibeba kwa mkono mmoja, aghalabu kilo tano hadi nane. Ndani yake mna vyombo vya elektroni vinavyougeuza umeme na kuutoa kwa mwendo mmoja ulio laini. Mwali wake ni mtulivu, mwanafunzi hujifunza upesi, na hutumia umeme mdogo kuliko transfoma kwa kazi ile ile. Aibu yake ni kwamba haipendi vumbi, maji, unga wa chuma unaotoka katika grenda, wala umeme unaopanda na kushuka ovyo. Na ubao wake wa ndani ukiungua, mara nyingi kuutengeneza ni ghali karibu na kununua mpya.

Kwa nyumba iliyounganishwa kwa waya wa kawaida, twaona inveta ndiyo bora. Transfoma ya shaba yamfaa mwenye karakana aliyevutiwa waya mnene na ambaye huchomelea tangu asubuhi hadi magharibi.

NAMBA ZILIZOANDIKWA NA NAMBA ZA KWELI

Hapa ndipo watu hudanganywa, basi twawaomba vijana wetu waliosoma hesabu watusikilize vyema.

Ubavuni mwa mashine utaona imeandikwa kwa maandishi makubwa 200, 250, pengine 300, yaani ampia. Usiyaamini maandishi hayo mpaka usome kibao kidogo kilichopigwa nyuma. Kibaoni mna herufi. I2 ni ampia zinazotoka kwenye kijiti. X ni sehemu ya dakika kumi ambayo mashine yaweza kufanya kazi bila kupumzika. I1max ni ampia nyingi kabisa itakazozivuta kutoka katika waya wa nyumba.

Ikiandikwa X asilimia 60 kwa ampia 120, maana yake ni kwamba katika kila dakika kumi utachomelea sita na utaipumzisha nne. Ikiwa ni asilimia 20, utachomelea mbili na kungoja nane. Namba hizo hupimwa penye joto la nyuzi 40, basi ukiiweka juani saa saba mchana usiilaumu ikizimika mapema.

Uongo wa ampia waweza kuugundua kwa kalamu. Kwa vijiti, kanuni ni kwamba volti za mwali ni 20 kuongeza ampia mara 0.04. Ampia 300 zataka volti 32. Zidisha 300 kwa 32, upate wati 9,600. Gawanya kwa volti 230 za nyumbani, upate karibu ampia 42, nasi hatujatia bado kinachopotea ndani ya mashine. Hakuna soketi ya kawaida ya nyumbani inayoweza kutoa hizo. Basi sanduku la kilo nne lenye plagi ya miguu mitatu na maandishi ya 300 linasema lisilokuwa.

Lakini usihuzunike, kwani hazihitajiki. Kijiti cha milimita 2.5 hutaka ampia 60 hadi 100 hivi. Cha milimita 3.2, ambacho hutosha kwa plau, rukwama na lango kubwa, hutaka 90 hadi 140. Cha milimita 2, kwa chuma chembamba, hutaka 40 hadi 65. Mashine ya kweli ya ampia 160, yenye asilimia 60 kwa ampia 100 au 120, yatosha shamba la mtu wa kadiri. Ni afadhali 160 ya kweli kuliko 300 ya rangi.

Tazama pia alama ya IP. IP21 hustahimili matone yanayodondoka wima tu. IP23 hustahimili maji yanayonyunyizwa kwa mshazari. Hata hivyo, mvua ikinyesha, zima na ungoje.

UMEME WA NYUMBA

Akina mama hutuuliza: mashine hii haitaimaliza uniti zote za mita? Jibu ni kwamba inavuta kwa nguvu lakini kwa muda mfupi. Kwa ampia 120, mwali hutumia wati 3,000 hivi, na ukitia kinachopotea, inveta huvuta yapata wati 3,700. Kijiti kimoja cha milimita 3.2 huisha kwa dakika moja na kidogo. Vijiti kumi na viwili ni kama robo saa, nayo ni karibu uniti moja tu. Kwa hiyo lililo la kutazamwa zaidi ni uzima wa waya.

Kwa ampia 120 inveta ya bei nafuu yaweza kuvuta ampia 20 na zaidi kutoka ukutani, ilhali fyuzi ya plagi zetu za miguu mitatu ni ya ampia 13. Kazi ndogo ya kijiti cha 2.5 yaweza kupita kwa muda mfupi, lakini kazi kubwa itaipasha soketi mpaka iyeyuke. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie waya wa peke yake, wenye breka yake, na atazame kama waya wa ardhini ni mzima. Usikubali mtu aondoe fyuzi akatia kipande cha waya badala yake. Hiyo ni kuifungulia nyumba mlango wa moto.

Waya wa kuongezea nao una hesabu. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, ukiuvuta mita 50 na kupitisha ampia 15, hupoteza karibu volti 18 njiani. Wa milimita mraba 4 hupoteza 7 tu. Na vijijini, saa za jioni, umeme wenyewe huwa umekwisha shuka. Basi fanyeni kazi asubuhi, kwa waya mnene na mfupi, na ukunjueni wote, kwani waya uliozungushwa kama kamba hushika moto.

Asiye na umeme wa serikali na anayetaka jenereta, ajue kwamba inveta ya ampia 120 yahitaji jenereta ya kVA 6 hivi, na kwa kijiti cha 2.5 peke yake kVA 4 au 5. Jenereta ndogo ya kuwashia taa haifai, itaungua yenyewe au itaiunguza mashine. Vilevile mitambo midogo ya jua ya nyumbani haiwezi kazi hii.

VIJITI NA VYUMA

Katika pakiti utaona namba kama E6013. Hiyo 60 ni nguvu ya kiungo, paundi 60,000 kwa inchi mraba. E6013 ndiyo ya kuanzia: huwaka kwa wepesi na gamba lake hutoka bila ya taabu. E6011 huingia ndani zaidi na hustahimili kutu na rangi, lakini mashine nyingine ndogo haziwezi kuiwasha vizuri, basi uliza dukani. E7018 ina nguvu zaidi, ila hunywa unyevu wa hewa, na ikilowa huharibu kiungo. Kuikausha kwataka tanuri la nyuzi 300 na zaidi. Kwetu pwani, penye hewa ya chumvi na maji, hiyo tumwachie fundi mwenye tanuri. Vijiti vyote vikae katika kopo lililofungwa barabara.

Si kila chuma huungika kwa vijiti hivi. Miguu ya cherehani ya zamani na pasi ya mkaa aghalabu ni chuma cha kusubu, nacho ukikichomelea kama nondo hupasuka pembeni mwa kiungo kinapopoa. Kina vijiti vyake vya nikeli na kinataka kupashwa moto polepole. Sufuria ya alumini usiijaribu kabisa. Na chuma chochote, kisugue kwanza kwa brashi ya waya mpaka king'ae. Kibano cha kurudishia umeme kikae karibu na unapochomelea, ili umeme usipite katika beringi za pampu au mashine ya kusaga ukaziharibu.

GHARAMA NYINGINE

Anayenunua mashine peke yake amenunua nusu ya kazi. Atahitaji kofia ya uso yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11, glavu ndefu za ngozi, viatu vilivyofunikwa, nguo za pamba za mikono mirefu, nyundo ya kugongea magamba, brashi ya waya, jiliwa, grenda na miwani yake, na ndoo ya mchanga na ya maji. Nguo za nailoni huyeyuka zikashika mwilini, basi zisivaliwe. Anayeona fedha haitoshi kwa vyote hivi, anunue mashine ndogo zaidi lakini asiache kofia. Macho hayana duka la vipuri.

MACHO, MOSHI NA MOTO

Yaliyotupata chuoni kwetu twayasema ili wazazi wazingatie. Alasiri moja wanafunzi watatu walisimama njiani kumtazama fundi akichomelea lango, kwa kuwa mwali ule ulikuwa ukiwapendeza. Jioni walisoma salama. Usiku wa manane wakaamka wanalia, wanasema macho yamejaa mchanga, wala hawawezi kutazama taa. Mmoja mamake alidhani kapatwa na kijicho cha watu.

Hicho si kijicho. Mwali ule hutoa miale isiyoonekana ambayo huunguza ngozi nyororo ya mbele ya jicho, na maumivu hayaji papo hapo bali baada ya saa sita hadi kumi na mbili. Ndiyo maana mtoto hajui kilichomdhuru. Mara nyingi hupoa kwa siku moja au mbili. Mgonjwa akae gizani, atiwe kitambaa cha maji baridi juu ya macho yaliyofumbwa, wala asiyasugue. Asitiwe maziwa, wala kitunguu, wala dawa ya mtu mwingine. Ikiwa haoni vizuri, au maumivu hayapungui, au amerukiwa na kipande cha chuma, apelekwe hospitali siku ile ile. Miwani ya jua haikingi kitu.

Kwa hiyo anayechomelea na aweke pazia la turubai au bati kati yake na njia, na apaze sauti kabla ya kuwasha. Njia ni ya watu wote, na macho ya mtoto wa jirani ni amana mikononi mwake.

Moshi nao si wa kudharauliwa. Mwaka 2017 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyoleta saratani kwa yakini. Chomelea nje au penye hewa ipitayo, na usiiname juu ya moshi. Chuma kilichotiwa zinki, kama mabati na mabomba ya maji, hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka baada ya saa chache, kama malaria. Kunywa maziwa hakuuzuii. Iondoe zinki kwanza penye kiungo, nawe ukae upande unakotoka upepo.

Pipa au tangi lililowahi kutiwa petroli, dizeli au mafuta yoyote yawakayo, usilichomelee kamwe, hata kama limeoshwa na halina harufu. Mvuke uliobaki ndani yake hulipuka, na limewaua mafundi wenye uzoefu wa miaka mingi.

Na katika nyumba zetu za makuti, cheche moja yatosha. Kazi na iwe mbali na paa, mbali na makumbi na majani makavu. Ukimaliza, mwaga maji pale chini, na mtu akae akipatazama nusu saa nzima, kwani moto wa cheche hujificha. Usisimame juu ya udongo uliolowa, wala usibadilishe kijiti kwa mkono mtupu wenye jasho, maana volti 60 hadi 80 zilizo katika kishikio hapo mwali usipowaka zaweza kumuua mtu aliyelowa.

ENYI VIJANA

Wako miongoni mwenu wanaotaka mashine hii iwe kazi yao. Ni kazi ya heshima, na kila Mwislamu ajua ya kuwa Nabii Daudi, alaihi salaam, alikuwa mtengeneza chuma. Lakini anzeni kwa kujifunza. Tanzania mna vyuo vya VETA, na Kenya na Unguja nazo zina vyuo vya ufundi wa namna hiyo. Asiyeweza kwenda chuoni na amfuate fundi mwaminifu, apige mistari juu ya vipande vya chuma kibovu majuma kadhaa kabla ya kugusa kitu cha mtu. Kisha akate viungo vyake mwenyewe kwa msumeno na atazame ndani: ni vizima, au vimeshikana juu juu tu?

Mwanzoni chomeleeni vitu ambavyo vikiachana havimuui mtu: banda la kuku, kiti, toroli. Shingo ya tela, ngazi, usukani na breki za gari, na mitungi ya gesi, hivyo si vya mwanafunzi. Mitungi ya gesi si ya fundi yeyote wa mtaani.

Na mkipata wateja, msifunike kiungo kibovu kwa rangi. Mteja haoni, lakini mama atakayekalia kile kiti, na mtoto atakayebembea katika lile lango, ndio watakaolipa. Kusema "kazi hii siiwezi" hakumvunjii fundi heshima. Humwongezea wateja, kwa kuwa watu watajua ya kuwa anapokubali, ameweza.

MUHTASARI WETU

Mwenye nyumba na shamba, ambaye hesabu yake imemwonyesha kuwa anahitaji, na anunue inveta ya vijiti ya ampia 160 hadi 200 za kweli, yenye kibao kinachosomeka na muuzaji anayekubali kuirudisha. Aijaribu pale pale dukani kwa kijiti cha 3.2, vijiti vitatu mfululizo. Anayeuza asiyekubali ijaribiwe, mwache. Anunue kofia siku ile ile. Amwite fundi umeme kabla ya kuichomeka. Na asikope kwa riba ili anunue chombo cha kumwondolea taabu, kwani atakuwa ameinunua taabu nyingine. Ni afadhali angoje msimu mmoja.

Mashine ikishafika, iwekwe mahali pakavu, ifunikwe, na ipulizwe vumbi kila mwezi ikiwa imechomolewa, kwani mijusi na sisimizi hupenda kulala ndani yake. Na ufunguo wa sanduku lake uwe kwa mtu mzima.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ayahifadhi macho yetu na ya watoto wetu, na aitie baraka kazi ya mikono ya vijana wetu. Mwenye swali juu ya haya na atuandikie, nasi tutamjibu katika ukurasa huu, inshallah.